Sacco na Vanzetti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kesi ya mishahara ya South Braintree

Kila ikitajwa hii kesi, ya Waitaliano wawili waliouawa na jimbo la Massachusetts, Marekani, mwaka 1927 kwa mauaji kwenye uporaji wa mishahara ya kiwanda, watu wanataka jibu la neno moja, walifanya au hawakufanya, na mimi huwa nasema subiri kwanza, hapo kuna maswali mawili yamechanganywa: nani alipiga risasi, na je, waliowahukumu waliwasikiliza kweli? Unaweza ukawa na mashaka na mmoja wao na bado ukasema kesi iliendeshwa hovyo. Mimi niko hapo. Haya chini ndo yale maswali yanayorudi kila mara, mengine nimejibu kwa kirefu na mengine kwa kifupi tu maana hayana mengi.

Hebu anza mwanzo, ilitokea nini?

Ni Massachusetts, Marekani, mji mdogo wa South Braintree kusini mwa Boston, sehemu ya viwanda vya viatu. Alhamisi ya tarehe 15 Aprili 1920, kama saa tisa alasiri, mlipa mishahara anaitwa Frederick Parmenter na mlinzi wake Alessandro Berardelli walikuwa wanatembea kwa miguu kutoka ofisi za kampuni ya Slater & Morrill kuelekea kiwandani, kila mmoja kashika sanduku, ndani mishahara ya wafanyakazi, keshi, dola 15,776 na senti 51. Hakuna gari wala askari wa kuwasindikiza, enzi hizo hela zilikuwa zinabebwa hivyo hivyo mkononi. Wanaume wawili waliokuwa wameegemea fensi wakawatokea wakaanza kufyatua. Berardelli alipigwa risasi nne akaanguka pale pale, Parmenter akapigwa mbili, alijaribu kukimbilia upande wa pili wa barabara ila hakufika mbali, akafariki kesho yake. Likaja gari, Buick ya rangi iliyokolea, wakapakia masanduku wakatokomea huku wanapiga risasi njiani. Mashahidi walisema ndani ya gari kulikuwa na watu kama watano. Siku mbili baadae lile Buick likakutwa limetelekezwa msituni West Bridgewater.

Kitu ambacho watu wanakisahau kwenye hii stori ni kwamba Berardelli mwenyewe alikuwa mhamiaji wa Kiitaliano, na wote wawili waliacha wajane na watoto. Dunia nzima inajua majina ya walionyongwa kwa umeme, majina ya waliouawa barabarani inabidi uyatafute.

Sasa hawa Sacco na Vanzetti ni kina nani?

Nicola Sacco alizaliwa Torremaggiore, kusini mwa Italia, mwaka 1891. Fundi viatu, na sio fundi wa kubahatisha, alikuwa na kazi nzuri kwenye kiwanda cha viatu cha 3-K mji wa Stoughton, ana mke, Rosina, na mtoto wa kiume Dante, mtoto wa pili, Ines, alizaliwa baba akiwa ndani. Bartolomeo Vanzetti alizaliwa Villafalletto, kaskazini, 1888, hakuoa, alikuwa anauza samaki kwa mkokoteni mtaani Plymouth. Wote waliingia Marekani mwaka 1908 ila hawakujuana mpaka 1917, na kilichowakutanisha ni siasa.

Siasa gani?

Waanakisti. Yani watu wanaoamini serikali yenyewe ndo tatizo, haitakiwi kuwepo kabisa, sio kubadilisha chama. Na hawa walikuwa wafuasi wa Luigi Galleani, kundi ambalo halikuwa la kusoma vitabu tu, lilihubiri kabisa kwamba nguvu ijibiwe kwa nguvu. Mwaka 1917 Marekani ilipoingia vitani na vijana kutakiwa kujiandikisha jeshini, wawili hawa na wenzao walikimbilia Mexico wakakaa huko miezi kadhaa. Tarehe 2 Juni 1919 mabomu yalilipuka usiku mmoja kwenye miji kadhaa, moja nyumbani kwa Mwanasheria Mkuu wa nchi, A. Mitchell Palmer, na wanaohesabiwa kuhusika ni watu wa Galleani. Palmer akajibu kwa misako mikubwa ya mwisho wa 1919 na mwanzo wa 1920, wahamiaji wakakamatwa kwa maelfu, wengine wakapakiwa melini wakarudishwa kwao. Hiyo ndo hali ya hewa ambayo kesi ilizaliwa ndani yake, kwa hiyo mtu akikwambia eti walikuwa wauza samaki na washona viatu wapole tu wasiojua lolote, usimeze. Lakini kuwa mwanakisti sio ushahidi kwamba uliiba mishahara ya kiwanda.

Walikamatwaje?

Kwa bahati mbaya yao, kwa sababu polisi hawakuwa wanawatafuta wao. Mkuu wa polisi wa Bridgewater, Michael Stewart, alikuwa na nadharia yake kwamba uporaji huu na jaribio lingine la tarehe 24 Desemba 1919 pale Bridgewater ni kazi ya waanakisti wa Kiitaliano, na akili yake ilikuwa kwa jamaa anaitwa Mario Buda, wengine wanamwita Mike Boda, ambaye gari lake aina ya Overland lilikuwa gereji linatengenezwa. Akamwambia mwenye gereji, akija mtu kulichukua nipigieni simu. Usiku wa tarehe 5 Mei 1920 wakaja wanne, Buda, mwenzie mmoja, Sacco na Vanzetti. Mke wa mwenye gereji akaenda kwa jirani kupiga simu, wale wakashtuka wakaondoka, Sacco na Vanzetti wakapanda tramu, wakadakwa humo humo ndani ya tramu mjini Brockton.

Wakapekuliwa. Sacco ana bastola ya Colt ya kalibari .32 na risasi za ziada mfukoni, Vanzetti ana rivolva ya .38 imejaa. Wakaulizwa maswali wakadanganya, kuhusu silaha, kuhusu marafiki, kuhusu walikuwa wanaenda wapi. Uongo huo ndo uliowamaliza kuliko kitu chochote.

Kama hawana hatia walidanganya kwa nini?

Maelezo yao ni kwamba hakuna aliyewaambia wamekamatwa kwa mauaji. Walichoulizwa ni kama wao ni waanakisti, kama ni wakomunisti, wanajuana na nani. Na siku mbili tu kabla, tarehe 3 Mei, mwenzao Andrea Salsedo, aliyekuwa anashikiliwa na maofisa wa serikali kuu New York, alidondoka kutoka ghorofa ya 14 akafa. Walisema gari walilitaka ili wazunguke kukusanya magazeti na vijitabu vya siasa majumbani kwa wenzao wakavifiche kabla msako haujafika. Mimi naona inaingia akilini. Wapo wanaosema hawakuwa wanaenda kuficha vitabu, walikuwa wanaenda kuficha baruti, na hiyo nayo inaingia akilini, ila hata kama ni baruti bado sio mishahara ya South Braintree.

Kesi zilikuwa ngapi?

Mbili, na wengi hawajui. Ya kwanza ilikuwa ya Vanzetti peke yake, Plymouth, kiangazi cha 1920, kuhusu lile jaribio la Bridgewater la mkesha wa Krismasi. Mashahidi wake walikuwa Waitaliano wenzake waliosema siku hiyo aliwauzia mikunga, maana Waitaliano mkesha wa Krismasi wanakula samaki, na mikunga hainunuliwi siku yoyote tu kwa hiyo mtu anakumbuka. Jopo halikuwaamini. Akapewa miaka 12 hadi 15. Jaji aliitwa Webster Thayer, likariri hilo jina.

Ya pili ni ya wote wawili, mauaji, Dedham, kuanzia tarehe 31 Mei mpaka 14 Julai 1921. Jaji tena Thayer. Mwendesha mashtaka yule yule, Frederick Katzmann. Watuhumiwa waliwekwa ndani ya kizimba cha chuma katikati ya mahakama.

Jopo maana yake nini, ni kama wazee wa baraza?

Hapana, na tofauti yake ni kubwa. Wazee wa baraza kwenye mahakama zetu wanatoa maoni na jaji anaweza asiyafuate. Kule jopo la raia 12 ndo linaamua ana hatia au hana, jaji anasimamia sheria na kutoa adhabu. Wakati ule Massachusetts wanawake hawakuruhusiwa kukaa humo, wote 12 wanaume. Mwenyekiti wao aliwahi kuwa mkuu wa polisi, na baadae rafiki yake alikula kiapo kwamba kabla ya kesi kuanza alimsikia akisema hata kama hawakufanya wanyongwe tu.

Ushahidi ulikuwa upi hasa?

Hapa nakaa kidogo kwa sababu ndo penye nyama.

Kwanza mashahidi wa macho. Chukua Mary Splaine, karani wa hesabu. Alikuwa ghorofani, akachungulia dirishani gari likipita chini, aliliona kwa sekunde chache tu kwa mbali. Kwenye hatua ya mwanzo ya kesi, 1920, alisema hawezi kusema kwa uhakika kwamba ni Sacco. Mwaka mmoja baadae mahakamani akaeleza urefu, nywele, paji la uso, mpaka mkono wa kushoto ulivyokuwa mkubwa na wenye nguvu. Kumbukumbu ya kawaida inafifia, yake ilikuwa inakua.

Kwa Vanzetti hali ni mbaya zaidi. Hakuna hata mmoja aliyesema amemuona Vanzetti akipiga risasi. Mlinzi wa geti la reli, Levangie, alisema ndo alikuwa dereva wa lile gari. Tatizo: Vanzetti hajui kuendesha gari, na mashahidi wengine walisema dereva alikuwa kijana mweupe wa nywele za dhahabu. Katzmann alifanya nini, akawaambia jopo kwamba shahidi amekosea kidogo tu, amemuona kweli ila lazima alikuwa amekaa nyuma ya dereva. Yani shahidi wako anakwambia hivi, wewe unamrekebisha, afu unamtumia hivyo hivyo kumpeleka mtu kwenye kiti cha umeme.

Pili, ile rivolva ya Vanzetti. Upande wa mashtaka ulidai ni ya marehemu Berardelli, kwamba waliichukua akiwa amelala chini. Berardelli aliwahi kuipeleka bastola yake kwa mafundi Boston kutengenezwa, na fundi akasema hii ya Vanzetti inaonekana imewekwa nyundo mpya. Lakini hakuna aliyekuwa na namba ya bastola ya Berardelli ya kulinganisha.

Tatu, kofia. Iliokotwa karibu na mwili wa Berardelli, wakasema ya Sacco. Bitana yake ilikuwa na tundu, na bosi wa Sacco kiwandani alisema Sacco huwa anatundika kofia kwenye msumari, basi, tundu la msumari hilo. Bosi huyo huyo alipoulizwa hii ndo kofia yake hakukubali zaidi ya kusema rangi inafanana. Sacco alipoijaribu mahakamani ilionekana kumbana. Na mwaka 1927, kila kitu kikiwa karibu kuisha, mkuu wa polisi wa Braintree aliwaambia wachunguzi kwamba lile tundu alilichana yeye mwenyewe akitafuta alama ya jina ndani ya bitana. Miaka sita baadae!

Nne, ule uongo wa usiku wa kukamatwa. Wanasheria wanasema tabia ya mtu mwenye kujijua ana hatia. Thayer aliusisitiza sana, na alipokataa maombi ya kesi mpya aliegemea hapo hapo.

Tano, risasi, hiyo naijibu peke yake.

Eti risasi ilithibitisha ni bastola ya Sacco?

Zilitolewa risasi sita kwenye miili miwili. Tano zilitoka kwenye bastola moja ambayo haikupatikana mpaka leo. Moja tu, inaitwa risasi namba 3, iliyomuua Berardelli, ndo ikasemwa imetoka kwenye Colt ya Sacco.

Mmoja wa wataalamu wa serikali alikuwa Kapteni William Proctor wa polisi ya jimbo. Akiwa kizimbani aliulizwa akajibu kwamba risasi hiyo inaendana na kuwa imepigwa na bastola ile. Jaji na jopo wakaelewa, ndo hiyo. Mwaka 1923 Proctor akala kiapo kwamba hakumaanisha hivyo, kwamba alishamwambia Katzmann mara kwa mara hajaona dalili yoyote kuwa imepita kwenye bastola ya Sacco yenyewe, alichomaanisha ni Colt yoyote ya aina hiyo, na maneno yale yalipangwa mapema yasemwe vile. Na kwamba angeulizwa moja kwa moja angejibu hapana. Thayer akakataa kesi isirudiwe.

Ili usidhani vituko vilikuwa upande mmoja: upande wa utetezi ulimleta mtaalamu wao, Albert Hamilton, ambaye mwishoni mwa 1923 alifungua Colt ya Sacco mbele ya jaji pamoja na Colt mbili mpya alizokuja nazo, akaonyesha anachoonyesha, akafunga zote, akataka kuondoka na zile mbili mpya. Thayer akasema hapana, zote zinabaki hapa. Wiki kadhaa baadae ikagundulika bastola ya Sacco ina mtutu mpya kabisa unang'aa na mtutu wake wa zamani wenye kutu uko kwenye bastola mpya. Kila upande ukalaumu mwingine, jaji akaamuru irudishwe ilivyokuwa bila kumtaja mkosaji. Sasa ushahidi unaochezewa namna hiyo ndani ya mahakama wewe unauaminije asilimia mia?

Hata hivyo. Juni 1927 Calvin Goddard alikuja na hadubini ya kulinganisha risasi mbili kwa pamoja, kitu kipya kwa wakati ule, akasema risasi namba 3 imetoka kwenye Colt ya Sacco. Vipimo vilirudiwa 1961 na 1983, majibu yakawa hayo hayo. Wanaobisha wanasema risasi yenyewe ilibadilishwa kabla ya kesi, kwamba polisi walipiga risasi ya majaribio wakaiweka mahali pa ile ya kweli. Inawezekana, ila hiyo ni nadharia inayohitaji ushahidi wake, na mimi huwa sipendi kuitegemea sana. Ndo maana nilisema juu naweza kuwa na mashaka na Sacco. Kwa Vanzetti risasi namba 3 haisemi chochote.

Walisema walikuwa wapi siku hiyo?

Sacco hakuwepo kazini tarehe 15 Aprili, hilo halibishaniwi. Alisema alienda Boston ubalozi mdogo wa Italia kuulizia pasipoti, mama yake alikuwa amefariki Italia na alitaka kurudi na familia. Karani wa ubalozi, aliyekuwa amesharudi Italia, alitoa ushahidi wake kwa maandishi: anamkumbuka kwa sababu jamaa alileta picha ya familia kubwa ya ukutani akidhani ndo inawekwa kwenye pasipoti, wakacheka ofisini. Wengine walisema walikula naye mchana kwenye mgahawa wa Boni. Vanzetti alisema alikuwa Plymouth anauza samaki, na siku hiyo alinunua kipande cha kitambaa kwa mchuuzi anayepita. Mashahidi wengi walikuwa Waitaliano, tena baadhi ni wenzao kisiasa, na jopo liliwachukulia hivyo.

Kweli mahakamani waliulizwa mambo ya siasa badala ya wizi?

Kwa masaa. Katzmann alimshika Sacco, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha kubangaiza, akamuuliza kama aliipenda nchi hii mwezi Mei 1917 alipokimbilia Mexico, akamrudia na kumrudia, kuipenda nchi ndo kuikimbia inapokuhitaji? Vita ilikuwa imeisha juzi tu. Utetezi wenyewe ndo walifungua huo mlango, kwa sababu ili kueleza kwa nini walidanganya polisi ilibidi waseme wao ni waanakisti, wakili wao Fred Moore akaona bora liwe wazi. Mkakati huo uliwapa wafuasi dunia nzima ila ndani ya chumba kile cha Dedham uliwachoma. Jopo lilirudi siku hiyo hiyo jioni, wote wana hatia.

Kama 1921 walikutwa na hatia, kwa nini waliuawa 1927?

Rufaa na maombi ya kesi mpya, moja baada ya jingine. Na hapa ndo ninapokasirikia hii kesi kuliko kwenye kofia wala risasi.

Kwa sheria ya Massachusetts ya wakati ule, ukipata ushahidi mpya ombi lako la kurudia kesi unalipeleka kwa jaji yule yule aliyekuhukumu. Mahakama ya juu ya jimbo ilikuwa inaangalia tu kama jaji amevunja sheria, haichambui ushahidi, haijiulizi kama kweli hawa watu walifanya. Kwa hiyo Proctor anakula kiapo, anasikilizwa na Thayer. Jambazi anakiri, ombi linaenda kwa Thayer. Na mawakili walipolalamika kwamba Thayer mwenyewe ana chuki, aliyesikiliza lalamiko hilo ni Thayer! Akasema hana chuki.

Chuki yenyewe ilikuwa sio ya kutafuta kwa tochi. Profesa James Richardson wa chuo cha Dartmouth alieleza kwamba mwaka 1924, kwenye mechi ya futiboli, Thayer alimuuliza kama ameona alivyowafanya wale wanaharamu wa kianakisti. Waandishi wa habari waliokuwa wanakula naye wakati wa kesi walisema ya kufanana na hayo. Mahakama ya juu ilikataa rufaa mwaka 1926, ikakataa tena 1927, ikisema jaji alikuwa ndani ya mamlaka yake. Kisheria ni kweli, alikuwa ndani.

Huyo jambazi aliyekiri ni nani?

Celestino Madeiros, kijana mwenye asili ya Ureno, alikuwa gereza moja na Sacco akisubiri hatma yake kwa kumuua mfanyakazi wa benki huko Wrentham kwenye uporaji mwingine. Novemba 1925 alimpelekea Sacco karatasi yenye sentensi moja, kwamba yeye alishiriki tukio la South Braintree na Sacco na Vanzetti hawakuwepo. Wakili mpya, William Thompson, ambaye alikuwa mwanasheria wa tabaka la juu Boston na sio mtu wa siasa kabisa, akafuatilia, akafika kwa genge la ndugu wa Morelli wa Providence, ambao walikuwa tayari wana kesi za kuiba shehena za viatu kwenye mabehewa. Joe Morelli sura yake ilifanana na Sacco kiasi kwamba baadhi ya mashahidi walipoonyeshwa picha walishtuka. Kukiri kwa Madeiros kulikuwa na mapengo, alikosea baadhi ya mambo ya mahali na muda, alisema siku hiyo alikuwa kiti cha nyuma cha gari ameogopa. Sio ushahidi wa kumtoa mtu gerezani siku hiyo hiyo, ila ulitosha kabisa jopo jipya lisikilize. Oktoba 1926 Thayer akakataa.

Gavana hakuweza kuwaokoa?

Aliweza. Alvan Fuller, tajiri wa biashara ya magari, alikuwa na uwezo wa kupunguza adhabu, na presha ilikuwa kubwa, maandamano Paris, London, Buenos Aires, barua kwa magunia. Akaunda kamati ya watu watatu, rais wa chuo cha Harvard A. Lawrence Lowell, rais wa chuo cha MIT Samuel Stratton na jaji mstaafu Robert Grant. Kamati ikasema maneno ya Thayer nje ya mahakama yalikuwa ukosefu mkubwa wa adabu ya kijaji, lakini kesi ilikuwa ya haki. Sacco, hatia bila shaka. Vanzetti, kwa ujumla, hatia. Hilo neno kwa ujumla wameliandika kwa mtu anayeenda kuuawa. Tarehe 3 Agosti 1927 Fuller akagoma kuingilia.

Usiku wa mwisho ulikuwaje?

Awali ilikuwa wauawe usiku wa kuamkia tarehe 11 Agosti, walishanyolewa, ikasogezwa mbele zikibaki dakika chache tu. Mawakili wakakimbizana na majaji mpaka wale wa Mahakama ya Juu ya nchi, hakuna aliyezuia. Tarehe 23 Agosti 1927, baada tu ya saa sita usiku, gereza la Charlestown, mnyongaji Robert Elliott. Alitangulia Madeiros, maana naye zamu yake ilikuwa usiku huo huo, kwa hiyo aliyesema mimi nilikuwepo wao hawakuwepo alikufa dakika chache kabla yao. Kisha Sacco, miaka 36, alipaza sauti kwa Kiitaliano uanakisti uishi, akaaga mke, watoto, marafiki na mama. Vanzetti, 39, aliwapa mkono walinzi, akasema hana hatia, akashukuru, na mwisho akasema anapenda kuwasamehe baadhi ya watu kwa wanachomfanyia. Baadhi. Sio wote.

Miezi minne kabla, Aprili, alipopewa nafasi ya kusema kabla ya hukumu kutamkwa, alimwambia Thayer kwamba anateswa kwa kuwa mwanaharakati na kwa kuwa Mtaliano, na kama wangeweza kumuua mara mbili naye akazaliwa tena mara mbili angeishi vile vile alivyoishi.

Zile hela zilipatikana?

Hapana. Sacco aliendelea kwenda kazini kiwandani na Vanzetti na mkokoteni wake mpaka wanakamatwa. Hakuna senti iliyowahi kuunganishwa nao.

Jaji Thayer aliishia wapi?

Septemba 1932 nyumba yake Worcester ililipuliwa kwa bomu, mke wake na mfanyakazi wa ndani wakaumia, yeye hakuguswa. Akahamia klabuni kwake Boston chini ya ulinzi, akafa 1933. Nyumba ya mmoja wa wajumbe wa jopo ililipuliwa 1927 na ya mnyongaji Elliott 1928.

Ni kweli hata baadhi ya wenzao walisema Sacco alihusika?

Ni kweli. Carlo Tresca, mwanakisti mkubwa wa Kiitaliano New York, inasimuliwa alisema miaka ya 1940 kwamba Sacco ana hatia, Vanzetti hana. Hakutoa maelezo ya alivyojua, na aliuawa 1943. Inalingana na ushahidi wa risasi, ndo maana baadhi ya wanahistoria wameegemea hapo. Ila ukiikubali hiyo maana yake lile jimbo lilimuua angalau mtu mmoja asiyehusika, tena likiwa na kila nafasi ya kusimama.

Sheria ilibadilika baada ya hapo?

Ilibadilika ila taratibu. Mwaka 1939 Massachusetts ilipitisha sheria kwamba kwenye kesi za adhabu ya kifo mahakama ya juu ipitie kesi nzima, ukweli pamoja na sheria, na ikiona haki haijatendeka iamuru kesi mpya. Kile hasa ambacho Thompson alikuwa anakiomba. Mtu wa mwisho kuuawa na jimbo lile ilikuwa 1947, na mwaka 1984 mahakama yao ikaifuta sheria ya kifo iliyokuwepo.

Kwa hiyo walisamehewa?

Hapana, na ilifanywa hivyo makusudi. Msamaha unapewa mtu aliyekosa. Julai 1977 Gavana Michael Dukakis alitoa tangazo, kwa Kiingereza na Kiitaliano, la kuifanya tarehe 23 Agosti 1977, miaka 50 kamili, siku ya kuwakumbuka, akasema kesi yao ilijaa chuki dhidi ya wageni na dhidi ya mawazo yao, na kwamba aibu yoyote iondolewe kwenye majina yao na ya familia zao. Hakusema hawana hatia. Baadhi ya wanasiasa wa jimbo walimjia juu wakidai anatukana mahakama na kuwasahau Parmenter na Berardelli, na kwa hilo la pili walikuwa na hoja, maana tangazo lile halikuwa la kwao.